Hodi ya Bi Mwanatumu

Hapo zamani, na sisemi zamani za sungura na fisi, nasema zamani za juzi hizi, televisheni zikiwa bado na chogo na mtaa mzima ukijazana kwenye sebule ya mtu mmoja kuitazama, palikuwa na bibi huko Ngamiani, Tanga. Jina lake Bi Mwanatumu. Tulieni basi, nyie wa huko nyuma, maana mwisho nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Bi Mwanatumu alikuwa na nyumba ya kizamani, ya mawe na udongo. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani mpapai. Na mbele baraza. Jamani, baraza lile! Jioni kahawa na kashata, wanaume wanacheza bao, wanawake wanasukana, na Bi Mwanatumu amekaa mahali pake pale pale pembeni mwa mlango. Alikaa miaka mingi hata baraza likafanya kishimo cha kumtosha yeye, na mtu mwingine akikaa hapo haoni raha.

Kila mwezi wa Shaabani, kabla Ramadhani haijaandama, ukoo mzima ulikuja kuipaka nyumba chokaa. Kila mtu na brashi yake ya katani, watoto wanapakana usoni, bibi anapika mihogo ya nazi sufuria nzima. Chokaa juu ya chokaa, mwaka juu ya mwaka, mpaka kuta zikawa nene na zenye vinundu. Nikisema haya naisikia ile harufu ya chokaa mbichi puani mwangu. Nani anapaka chokaa siku hizi? Haya, tuendelee.

Uzeeni macho ya bibi yaliingiwa na mtoto wa jicho, akawa anaona ukungu mweupe tu. Lakini kwake hakuhitaji macho. Alikaa kwenye kishimo chake, akapapasa ukuta, akasukuma mlango, mlango ukalia ngwiii, naye akaingia moja kwa moja mpaka uani bila kujikwaa.

Tabu ilikuwa paa. Masika yalipokuja lilivuja, bibi akawa analala na beseni kitandani. Mjukuu wake Mbwana, aliyekuwa akiendesha bodaboda, akaona aibu. Hakuwa na uwezo wa bati. Sasa wakati ule kulikuwa na kipindi kwenye televisheni, kikiitwa Nyumba Yapendeza. Wanachukua nyumba kuukuu, wanaitengeneza kwa wiki moja, mwenyewe anafungwa kitambaa machoni, analetwa, anafunguliwa, analia kwa furaha. Na wewe uliyekaa sebuleni kwa jirani unalia naye. Mbwana akawaita. Hakumuuliza bibi.

Wakaja na gari la taa na nyaya. Bibi akapelekwa kwa ndugu yake Pangani. Mtangazaji, kijana mmoja wa viatu vya kung'aa, akaambiwa kwamba bibi haoni.

"Haoni kabisa?" akauliza.

"Ukungu tu," akajibu Riziki, mjukuu wa kike, ambaye bibi ndiye aliyemlea.

"Haidhuru. Wewe utamshika mkono. Tutaweka na muziki."

Basi kazi ikaanza. Paa likawekwa bati jipya, hilo lilikuwa kweli, tusimsingizie mtu. Kuta zikapigwa rangi ya mafuta. Ule mlango wa mbao ukang'olewa, ukawekwa wa alumini. Na baraza, eti linaziba sura ya nyumba! Fundi mwashi wao, Semkiwa, akapewa nyundo kubwa akaambiwa avunje huku akicheka, kamera inamtazama. Akavunja. Akacheka.

Siku ya kurudi, bibi alishushwa garini amefungwa kitambaa, na mtaa wote umesimama nje. Riziki kamshika mkono. Mtangazaji akamnong'oneza Riziki, naye Riziki akamnong'oneza bibi: "Bibi, ukifunguliwa ulie kidogo. Wanataka hivyo."

Kitambaa kikafunguliwa. Ukungu mweupe ule ule. Bibi akanyosha mguu kutafuta baraza, hakuna. Akapapasa ukuta, laini, baridi, unateleza mithili ya sahani. Akagusa mlango, haukulia. Akajua ameletwa kwa watu. Na kwa kuwa alilelewa akaleleka, akasimama nje, akashusha sauti, akasema:

"Hodi wenyewe!"

Mtangazaji akajibu kutoka ndani, anacheka: "Karibu bibi! Karibu sana!"

Mgeni anamkaribisha mwenye nyumba. Hapo bibi akalia. Siyo kidogo alivyoombwa, alilia mpaka kanga ikalowa. Wakafurahi wale! Wakamwambia arudi nyuma aje tena, alie vizuri zaidi, na mara hii asiseme hodi.

Jioni hiyo hiyo lori likaja likabeba makochi, pazia, kapeti, hata maua ya kwenye vyungu. Vilikuwa vya kuazima. Bomba la jikoni, ukilifungua, halitoi kitu, halikuunganishwa popote. Wiki iliyofuata kipindi kikaonyeshwa. Hodi wameikata. Machozi wameyaacha, wameweka na wimbo. Mtaa mzima ukalia kwa furaha, isipokuwa watu watatu, bibi na wajukuu wake wawili.

Na madalali nao wakaanza kuja, mmoja asubuhi, mwingine mchana. "Bibi, tumeiona kwenye televisheni. Huuzi?"

Tangu hapo, jamani, kila Bi Mwanatumu alipotoka, awe ametoka msikitini, awe ametoka kwa jirani, alirudi akasimama mlangoni pake akapiga hodi. "Hodi wenyewe!" Na kila mara Riziki alijibu: "Pita bibi, ni kwako." Naye anaingia taratibu, anakaa ukingoni mwa kitanda, hajikunjui.

Siku moja akawaita wajukuu wake wawili. Kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga ufunguo wa ule mlango wa zamani. Mlango umekwenda, ufunguo kabaki nao.

"Sikilizeni," akasema. "Nyumba ya jirani yetu, marehemu Bi Mgeni, iliachwa kwa ukoo wote, kila mtu akavutia kwake, leo pale pana ghala la magodoro. Yangu sitaki iwe hivyo. Nitamkabidhi mmoja, na huyo mmoja hatauza. Mimi nataka kufia kwangu, sitaki kufa mgeni. Siku nitakayoingia humu bila kupiga hodi, aliyenirudisha kwangu ndiye atakayepokea ufunguo huu. Awe ndugu, awe mpita njia."

Mbwana akaondoka kuutafuta mlango. Akaulizia huku, akaulizia kule, akaukuta Moshi. Unajua ulikuwa wapi? Kwenye nyumba nyingine ya kipindi kile kile, umewekewa miguu, umefanywa meza ya chakula! Mwenye meza hakukubali kuutoa bure. Mbwana akaiacha bodaboda yake pale, akarudi Tanga juu ya lori la vitunguu, yeye na mlango.

Riziki akafunga kibanda chake cha chapati. Akachukua kipande cha bati akaanza kukwangua rangi ya mafuta, ukuta mmoja baada ya mwingine, vidole vinatoka malengelenge. Akatafuta chokaa, akatafuta katani, akapaka, akaacha ikauke, akapaka tena. Na hodi zote katikati ya kazi ni yeye aliyekuwa akizijibu.

Halafu siku moja mtu akasimama nje na mwiko wake. Semkiwa.

"Umesahau nini hapa?" Riziki akamuuliza, na hakuuliza kwa wema.

"Kicheko changu," akasema yule fundi. "Kila wakikirudia kipindi kile mke wangu ananiambia, mtazame huyo anavyocheka."

Mawe ya baraza yalikuwa yametupwa shimoni nyuma ya nyumba. Akayatoa moja moja, akajenga. Siku ya mwisho, lipu ikiwa bado mbichi, akatandika gunia akamwita bibi: "Bibi, njoo ukae."

"Mbichi hiyo, mwanangu!"

"Ndiyo maana. Kaa."

Bi Mwanatumu akakaa. Watoto wa mtaa walicheka wakagaragara, na bibi mwenyewe akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Alipoinuka, kishimo kilikuwepo.

Kisha bibi akaitwa Pangani kwenye hitima ya ndugu yake. Wakati hayupo, Riziki alimaliza ukuta wa mwisho na Mbwana akapachika mlango. Shaabani ilikuwa inaishia.

Bibi akarudi na bajaji. Watatu wote walikuwepo, wamekaa kimya upande wa pili wa njia, hawakumpokea. Bibi akanyosha mguu, akaligusa baraza. Akakaa kidogo, akapumua. Akapapasa ukuta, vinundu, harufu ya chokaa. Akausukuma mlango. Ngwiii. Akaingia.

Wakasubiri. Hakuna hodi.

Mara wakasikia sauti kutoka uani, ile ya zamani, ya mtu anayegomba kwake: "Riziki we! Nani kahamisha mtungi wangu?"

Riziki akajifunika uso kwa kanga. Bibi naye huko ndani akajishtukia: hakupiga hodi. Akatoka mpaka barazani, akakaa kwenye kishimo chake, machozi yanamtoka, na safari hii hakuna aliyemwomba.

"Najua mpo hapo. Njoni mseme, nani kanirudisha," akasema.

Mbwana akasema: "Bibi, mimi ndimi niliyewaleta bila kukuuliza, na kosa hilo nalikiri. Lakini bila wao ungelala chini ya mvua mpaka leo. Na mlango nimeufuata mbali, nikaacha mkate wangu huko. Uliposikia ngwiii ndipo ulipoingia. Ni mlango uliokurudisha."

"Nimesikia," akasema bibi.

Riziki akasema: "Bibi, mimi nilikushika mkono nikakuambia ulie, na mpaka leo naona haya. Lakini kuta nimezikwangua kwa mikono hii. Na ulipokuwa ukipiga hodi, nani alikuwa akikwambia ni kwako? Nilikuambia kila siku mpaka ukaamini."

"Nimesikia."

Semkiwa akasema: "Mimi si ndugu yako, bibi. Ni mimi niliyevunja, na nilicheka. Wajukuu zako walikuwa wakitafuta ufunguo, nami nilijenga bila kujua kama upo. Na kabla hujagusa ukuta, kabla hujagusa mlango, ulikaa kwenye baraza langu ukapumua. Hapo ulikuwa umeshafika."

"Nimesikia."

Bi Mwanatumu akafungua pindo la kanga. Ufunguo ukatua kiganjani, umeshika kutu. Madalali wawili walikuwa wamesimama kona wakitega masikio.

"Leteni mikono," akasema.

Wakamletea. Akaipapasa mmoja mmoja, polepole, kwa vile macho hayakumwambia kitu. Mkono wa Mbwana ulikuwa na alama ya kamba iliyofungia mlango kwenye lori. Wa Riziki una malengelenge na chokaa kuchani. Wa Semkiwa mgumu, una sugu za mwiko.

Mimi nakomea hapo, msiniangalie hivyo. Ufunguo ni mmoja, mikono ni mitatu, na wote watatu walimtoa bibi kwake kabla ya kumrudisha. Nanyi mliokaa mkisikiliza, nambieni: je, nani alistahili?