Buku Aliyempa Kenge Anwani kwa Vina

— Tegeni masikio!
— Yametegwa!
— Nikikosea?
— Tutacheka!
— Nikipatia?
— Tutacheka vilevile!

Haya. Hapo zamani za juzijuzi, palikuwa na shule ya wanyama wadogo kando ya mto. Mwalimu wao alikuwa Bibi Kanga, na hesabu aliwafundisha kwa mchezo wa kwenye vishikwambi. Mchezo wenyewe uliitwa Chura Vuka. Ukijibu sawa, chura wako anaruka jiwe, tuu! Ukijibu ovyo, chura wako majini, chubwi!

Bibi Kanga alikuwa na sheria zake. Jina lako la kweli usiandike. Nyumbani kwenu usiseme. Namba ya kuingilia mchezoni usimpe mtu wa nje. Kiranja wa sheria hizo alikuwa Buku, panya mwenye masharubu marefu na kichwa kilichojaa mashairi. Buku alipenda vina kuliko karanga. Sheria akazitungia wimbo, na kila asubuhi aliuimba mlangoni, mkia ukipiga mdundo, tapu tapu:

Jina langu nimeficha, mchezoni sina jina,
Nyumba yangu nimeficha, hata mlango haina!

Wadogo wakaitikia. Buku akaona haitoshi. Akahofia wataisahau namba, akaitungia nayo:

Saba nne, nne saba, ingieni kwa mahaba!

Basi wakaishika. Ila nje ya ua alikuwa amelala Kenge, mkubwa, mnene, mlafi, tumbo likinguruma ngurrr. Kenge yule hakuwahi kukumbuka kitu maishani mwake isipokuwa chakula, lakini wimbo wa Buku ulimkaa kichwani. Akatoa kishikwambi alichokiokota mtoni. Akabonyeza kwa ukucha, tiki tiki: saba nne, nne saba. Akaingia kwa mahaba. Jina akajiandika Mtoto Mwenzenu.

Mle mchezoni mlikuwa na mahali pa kuandikiana salamu. Buku, ambaye humo alijiita Malenga Mkuu, akaona maneno yanamjia kutoka kwa Mtoto Mwenzenu.

"Malenga, wimbo wa mlangoni umeutunga wewe?"

"Mimi mwenyewe," akaandika Buku.

"Alaa! Umeshiba wimbo huo! Ningekuwa jirani ningekuja kukusikiliza kila jioni. Kwani unakaa wapi?"

Masharubu ya Buku yakatetemeka kwa raha. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wimbo wake umeshiba. Mama yake husema tu, "Punguza kelele, watoto wamelala." Sheria aliikumbuka, maana aliitunga yeye. Lakini ubeti ulikwisha kumjia, na ubeti ukimjia Buku haurudi bure:

Kwenye mvule mrefu, tundu la kushoto ndimo,
Na wadogo bila hofu, mama akitoka, wamo!

Akautazama. Akaupenda. Akautuma.

Jibu likaja neno moja: "Wanene?"

Buku akalisoma mara mbili. Pembeni yake mwanafunzi mwenzake, Digidigi, alikuwa anachungulia.

"We Buku! Umempa mtu anwani?"

"Nimempa kwa vina."

"Na vina vitawaficha wadogo zako?"

Kwa mara ya kwanza Buku hakutafuta kina. Akawaza: huyu ni mtoto kweli? Akaandika neno moja tu: "Shikamoo."

Sasa Kenge, tangu azeeke, hakuna mtoto aliyewahi kumwamkia. Wakimwona hukimbia. Neno lile lilimwingia kama asali. Kabla hajafikiri, ukucha ukajibu: "Marahaba, mjukuu wangu! Wazima nyumbani?"

"Mtoto mwenzetu kaitika marahaba!" akalia Digidigi.

Buku mbio kwa mwalimu, pata pata pata.

"Ewe mwalimu hodari, nimekuletea habari..."

"Buku! Vina baadaye!"

"Mchezoni kuna mtu mzima. Nimemwambia tunapokaa."

Bibi Kanga hakumgombeza, kugombeza kungoje. Akampelekea mama yake Buku ujumbe awalete watoto shuleni upesi. Akashika kishikwambi ili abadilishe namba.

"Mwalimu," akasema Buku, "ukimtoa sasa, tundu letu bado analijua. Leo hatatukuta, kesho je? Niache nimwandikie mara moja, wewe ukisoma."

Wakanong'ona. Digidigi akatumwa tundu la kulia la mvule uleule, kwa jirani yao Mzee Nungunungu.

"Babu, shikamoo. Kuna mgeni anakuja, na hana hodi huyo."

"Marahaba. Kama hana hodi, mimi sina haja ya kugeuka," akasema Nungunungu, akalala, mgongo mlangoni.

Buku akaandika bila vina, ingawa ilimuuma: "Babu, nilikosea. Sisi tumehamia tundu la kulia."

"Wanene?"

"Wanene, tena wamelala."

"Marahaba!" akaandika Kenge, na wala hakuna aliyemwamkia.

Mbio Kenge, kwaru kwaru kwaru, mpaka kwenye mvule. Mzee mzima, hodi hakupiga. Akasukuma kichwa tunduni. Chwi! Chwi! Chwi!

"Yalaaa!"

"Karibu, mgeni," sauti ikatoka ndani. "Hodi yako sikuisikia."

Kenge akajitupa mtoni, pua imejaa miiba, chubwi! Ndiyo maana hadi leo kenge ukimwamkia haitiki. Anakimbia.

Jioni Bibi Kanga akabadilisha namba, akafunga na pale pa salamu. Ukiranja akampa Digidigi.

"Na wimbo wangu, mwalimu?" akauliza Buku kwa sauti ndogo.

"Ubaki. Ila namba itoke."

"Mwalimu, ule ndio mstari wenye vina vizuri kuliko vyote!"

"Ndiyo maana Kenge aliukariri."

Ngano imefika ukingoni. Anayeitaka aichukue, asiyeitaka ampelekee Kenge.

Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: mchezoni usimpe mgeni anwani ya kwenu hata kidogo. Mpe ya jirani.