Nguchiro na Jumba la Bi Matope

Hapo zamani za kale, wanyama walipoanza kusoma mpaka chuo kikuu kisha wakarudi kukaa kibarazani, palikuwa na Nguchiro. Digrii anayo, kazi hana. Alituma maombi mpaka kwato za Punda tarishi zikalika. Jibu lilikuwa lile lile: "Sorry, tunataka mwenye eksipiriensi."

Kando ya mto aliishi Bi Matope, kiboko mjane. Jumba kubwa, vyumba vinarudisha mwangwi, na yeye peke yake, ameshazoea kuongea na sufuria. Wanawe wawili, Kitambi na Mashavu, walikuwa mabosi mjini. Sikukuu hii "tutakuja", sikukuu ile "tutakuja". Wapi!

Siku moja Nguchiro akabisha.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu! Mbona sikuoni? Au nimeshakukanyaga?"

"Bado, bibi. Nimefukuzwa chumbani kwangu. Nipe pa kulala. Nitakutekea maji, nitakusugua mgongo, na jioni tutapiga stori."

"Stori zangu ndefu, mjukuu wangu."

"Mimi sina pa kuwahi."

Basi wakaishi. Nguchiro akisugua ule mgongo, kwaruu, kwaruu, Bi Matope akimsimulia kiangazi kilichokausha mto, na kila akirudia, mto ulizidi kukauka. Waligombania chumvi ya kunde, wakanuniana, wakapatana. Bibi akaanza kuimba tena.

Habari zikafika mjini kwamba mama ana afya na raha. Mabosi wakashtuka! Puu! Puu! Hao uani.

"Mama," akasema Kitambi, yule mkubwa, "umri umekwenda. Nyumba hii tunamuuzia Mamba ajenge hoteli. Wewe utakaa kwenye banda nyuma ya jiko lake. Pana upepo mzuri."

"Na mjukuu wangu?"

"Hako kapanya?" Mashavu akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Dogo, umesomea nini?"

"Sosholojia, bosi."

"Aaa! Ndiyo maana unasugua migongo."

Nguchiro yakamchoma, lakini akameza. Akijibu ukali tu, bibi ataishia bandani na yeye barabarani. Hapo akaikumbuka mila ya viboko aliyosimuliwa na Bi Matope: mzazi akihamishwa kwake, huhamia kwa mtoto mwenye nyumba kubwa kuliko wenzake, na balozi wa mtaa akishatamka, hakuna kukataa. Hawa wa mjini walishaisahau.

Akachomoka, pru! Akarudi na Balozi Kobe na majirani wote.

"Njooni muwaone mabosi wetu!" akapaza sauti. "Kaka zangu, eti kweli huko mjini mmepanga chumba kimoja kimoja?"

"Excuse me?" Kitambi akavimba. "Sebule yangu peke yake inaimeza nyumba hii!"

"Sebule kitu gani?" akadakia Mashavu. "Kwangu bafu ni bwawa! Wageni wanapotea wakitafuta mlango!"

"Kwako kibanda!"

"Kwako ndiko kibanda! Mimi vyumba vyangu vingine hata sijawahi kuviingia. Wanalala panzi!"

Hapo Kitambi akasalimu amri.

"Balozi, umesikia?" akauliza Nguchiro, mpole kama maziwa.

Balozi Kobe akatoa kichwa gambani. "Nimesikia. Kwa mila yenu viboko, mama anahamia kwa Mashavu. Leo hii. Mgongo asuguliwe kila jioni, na stori zisikilizwe mpaka mwisho."

Bi Matope akaunasa mchezo, akajifuta chozi la uongo.

"Alhamdulillahi! Mwanangu, njiani nitaanza na ile ya kiangazi."

"Ngoja, Balozi!" Jasho likamtoka Mashavu. "Nilitania! Kwangu padogo, hata mkia haugeuki! Kwa kaka ndiko kukubwa!"

"Mimi? Thubutu! Mimi nimepanga! Chumba kimoja, tena kinavuja!"

Majirani wakashika mbavu.

"Kumbe hamna pa kumweka," akasema Balozi. "Basi nyumba haiuzwi. Mama anabaki kwake, na Nguchiro anabaki naye. Mmekubali mbele ya watu?"

"Tumekubali!"

Wakatimua mbio, puu! puu! puu! Hata chai hawakuonja.

Nanyi wanangu, anayemwamulia mzee pa kukaa, mwulizeni kwanza kama yeye yuko tayari kukaa naye.