Ushuhuda wa Mheshimiwa Lumonya

Mheshimiwa Lumonya alikuwa ameuzungushia uwanja wa kanisa seng'enge na kudai ni wake. Kesi ilikuwa imekwama, kwa kuwa kanisa halikuwa na ushahidi. Hata hivyo alizitaka kura za waumini, akamwita Rispa Andisi, kiongozi wa kwaya.

"Mama, nifundishe kusema na watu wako."

"Hotuba wamezichoka, Mheshimiwa. Toa ushuhuda. Muumini huungama dhambi mbele ya wote, nao humwitikia Amina. Dhambi ikiwa kubwa, Amina hutikisa mabati."

"Nitunge ya ulevi?"

"Hujawahi kulewa, nao wanajua. Ungama ile wanayokushuku."

"Ya uwanja? Haya, nitalia kidogo. Lakini seng'enge haitoki, unanisikia?"

"Mimi sijakuomba uitoe."

Jumapili Lumonya alisimama madhabahuni akaungama yote: hati aliyoighushi, karani aliyemhonga, mawe ya mpaka aliyoyahamisha. Alilia vizuri sana, na mabati yakatikisika.

Baada ya ibada alimnong'oneza Rispa, "Nimewapata?"

"Wote mia tatu, Mheshimiwa. Jumanne nitakuja nao mahakamani, wamweleze hakimu walichosikia."