Chungu cha Maji ya Ndege

Paukwa. Itikieni vizuri, pakawa ya usingizi siitaki. Zamani hizo, mtama ukiwa mrefu kuliko nyumba na neno la jumbe likiwa ndiyo sheria, paliishi Bi Chausiku, mjane, mfinyanzi wa vyungu. Mtoto hakujaliwa. Kila asubuhi aliwatupia ndege punje za mtama uani, akiwaambia, "Haya wageni wangu, karibuni." Watu walimcheka, ndege wakashiba.

Jirani yake aliitwa Mwanamvua. Mkumbukeni huyo.

Basi mwaka mmoja, mvua za kupandia zikikaribia, ndege wakageuka. Shomoro wakatembea kama walevi. Tetere akaruka, akapiga ukuta, akaanguka. Akaruka tena, akapiga ukuta ule ule. Chiriku wakalala juani katikati ya uwanja, paka akipita hawaondoki, wengine wasiamke tena. Nawaambia, hata paka aliwaogopa.

Maneno yakaanza. "Ndege hawa wanakula kwa nani?"

"Kwa Chausiku."

"Basi, ni mchawi huyo."

Mnaona ilivyo rahisi?

Jumbe akamwita. "Chausiku, umewalisha nini ndege?"

"Mtama, jumbe. Huo huo ninaoula mimi."

"Mbona wanakufa?"

"Hata mimi nawalilia."

"Kesho jua likichomoza nisikuone hapa."

Sasa sikilizeni. Enzi hizo mbegu zililowekwa kwenye maji ya utupa, mmea ule wa kulevya samaki, ili mchwa wasizile shambani. Maji yake yalikwenda kumwagwa mbali, shimoni, na kufukiwa. Lakini Mwanamvua alikuwa na mimba kubwa, mgongo unamuuma, akawa anayamwaga nyuma ya ua tu, kwenye kidimbwi. Jioni ile ile akamwaga tena. Shomoro akashuka, akanywa, akaoga, akapepesuka. Mwanamvua akaangalia, akajua.

Akasema? Hakusema. Aliogopa kufukuzwa yeye na mimba yake. Akajiambia, nitasema kesho.

Kesho ikafika. Bi Chausiku akapita mlangoni pake na mzigo kichwani, akamkabidhi chungu kipya. "Mwanangu, wewe ndiye jirani yangu. Ndege wangu uwawekee maji."

Mwanamvua akakipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, shangazi." Hilo tu ndilo lililomtoka.

Mvua ikanyesha, mbegu zikapandwa, utupa ukaisha, ndege wakapona. Watu wakasema, si mnaona, mchawi kaondoka. Mwanamvua akajifungua binti. Arobaini ilipokwisha akambeba mgongoni, akaenda kwa jumbe, akasema yote. Jumbe akainamisha kichwa. Kisha Mwanamvua akaenda kumtafuta Bi Chausiku, kijiji hiki, kijiji kile, mwaka huu, mwaka ule. Hakumpata. Alikufa akiliita jina lake.

Binti yule wa mgongoni ndiye mimi, wajukuu zangu. Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi yalinitangulia kuzaliwa.

Na chungu ndicho hicho hapo uani, chenye mdomo uliomeguka. Nikiwagombeza mkimwaga maji machafu karibu nacho, msiseme bibi ana kisirani. Mkiona ndege wanapepesuka, angalieni kwanza mlichomwaga wenyewe. Na mkishajua, semeni siku hiyo hiyo.

Kisa changu kimefika kizingitini. Utamu wake gawaneni. Uchungu niachieni, ni wa kwetu.