Mtama Uliokuwa kwa Kiboko

— Paukwa!
— Pakawa!
— Mbona mwaitika kinyonge, hamjala? Paukwaaa!
— Pakawaaa!
— Hayo sasa! Ahsanteni.

Hapo kale wanyama wa milimani walilima mtama, wakavuna, wakaubeba wote hadi bondeni, ghalani kwa Kiboko. Ndiyo amri yake: "Kila kitu kije kwangu! Kila jambo niamue mimi!" Ukitaka hata kibaba kimoja, ushuke ukaombe. Ukifika, Kiboko yu usingizini: khrrr! khrrr! Akiamka, anakula mtama wao, analala tena.

Basi mke wa Pimbi akajifungua. Uji hakuna, maziwa hayatoki, kachanga kanalia ng'aa! ng'aa! Na Pimbi mnamjua, kadogo tu, hana ubavu. Akashuka kuomba.

"Rudi baada ya mvua," akasema Kiboko.

Baada ya mvua! Jamani, kachanga kangeisubiri mvua? Roho ilimuuma Pimbi. Akapanda, akawaambia wenzake: "Si kasema kila jambo aamue yeye? Haya, tumtii!"

Kulipokucha, Kiboko khrrr... Hodi! Nungunungu.

"Mzee, mgongo waniwasha. Nijikune?"

"Jikune!"

Khrrr... Hodi! Kanga.

"Mzee, nimetaga. Niatamie?"

"Atamia!"

Khrrr... Hodi! Kobe.

"Mzee, nimekuja kuuliza. Nitoke nyumbani, au nisitoke?"

"Si umeshatoka, mjinga wewe!"

"Basi nirudi, nije kuuliza upya?"

Ikawa hodi, hodi, hodi, kutwa nzima. Kiboko macho mekundu, kichwa kinamgonga gwa! gwa! Akanguruma: "Mambo yenu yamalizeni huko huko kwenu!"

"Ahsante, mzee," akasema Pimbi, kapiga magoti. "Ila uji wa mzazi haupikwi kwa ruhusa, unapikwa kwa mtama. Basi niwe nakuja kuomba? Asubuhi nije, mchana nije, na jioni..."

"Bebeni mtama wenu, niacheni nilale!"

Wakabeba, wakapanda nao, kila ukoo ukaweka wake kwake. Mke wa Pimbi akanywa uji wa moto, chungu kizima. Maziwa chururu! Kachanga kakanyonya, kakalala. Pimbi akalia kwa furaha, akawashukuru majirani mmoja mmoja, na Kobe, aliyechelewa kufika, akashukuriwa mara mbili.

Fundisho, wanangu: mkubwa akilala, msimsumbue kamwe. Na mkila, mshukuruni Kiboko, mkarimu yule, aliyetugawia mtama wetu wenyewe.

Ngano naitua hapa. Kila mtu abebe chake, akapike kwao.