Paka wa Bwana Shatri

“Mtafute paka, usimtafute msemaji.” Mmeisikia harusini leo, mkacheka tu. Basi kaeni vizuri, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Shatri, mwenye nyumba nyingi za kupangisha. Alipohamia jumba lake jipya, alihamisha kila kitu, hata mapazia. Paka akafungiwa katika nyumba ya zamani, yeye na wanawe.

Ukuta kwa ukuta na nyumba ile aliishi mpangaji wake, mjane mwenye watoto. Alikuwa akipenyeza dagaa kwenye ufa wa dirisha, na kila kukicha kilio kinazidi kufifia. Moyo ulimkatika. Aseme? Mpangaji mwenzake aliyelalamikia paa linalovuja alitupiwa vyombo nje. Anyamaze? Paka atakufa!

Ndipo ikaja harusi ya jirani. Mnalijua vugo: wanawake wamejaa njia nzima, wote mabuibui na ushungi hadi puani, pembe za nyati zinagongwa ko! ko! ko! Mwenye ubeti huutupia kati, wenzake wakaupokea. Walipofika mbele ya nyumba ile, mjane akajipenyeza katikati ya wenzake. Akafumba macho, akautoa ubeti wake:

“Mhamao na mhame, mwende zenu kwa salama,
Paka mwamfungiani, naye ana wana, mama?”

Lo! Wanawake wakaupokea kwa kishindo, vigelegele juu! Bwana Shatri, aliyeketi barazani kwa jirani na wageni wa harusi, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

“Nyamazeni nyote! Nani kauanzisha? Aimbe tena peke yake, niijue sauti yake!”

Pembe zikanyamaza. Kimya. Na katika kimya hicho alichokitaka mwenyewe, nyuma ya mlango ikasikika: “Nyaaau…”

Bi Mwanashee, somo wa bibi harusi, akacheka hadi akajishika kiuno. “Sauti si hiyo, bwana? Mtafute paka, usimtafute msemaji!”

Watu wakaangua kicheko. Bwana Shatri, jasho likimtiririka, akatoa funguo, akafungua. Paka huyo, mifupa mitupu, na wanawe nyuma, wote hai! Mjane akalia kwa furaha ndani ya ushungi wake, na hakuna aliyeshangaa, maana harusini wengi hulia.

Eti mjane huyo jina lake nani? Ama watoto nyinyi! Na yote haya nimewasimulia ya nini? Mtafute paka, usimtafute msemaji.