Avishwe Nani Kanga ya Bi Saumu?

Wewe, umeshawahi kuupenda wimbo mpaka ukaona aibu? Usinijibu upesi. Wanaojibu upesi ni waongo, na katika hadithi hii nina waongo wa kutosha kujaza ukumbi.

Palikuwa na watu watatu pale Tanga, kila mmoja na kipaji chake.

Bi Hidaya alikuwa mtunzi. Hakuweza kuimba hata kumbembeleza mtoto, lakini aliandika maneno ya mke aliyebaki peke yake: "Maji nimeshapasha, wa kuoga hayupo." Bila yeye, wimbo usingekuwepo.

Mzee Kombo alikuwa mwimbaji. Hakuweza kutunga hata salamu za kadi, lakini aliyachukua maneno yale akayatia kwenye taarabu ya mwendo wa kasi, na wanawake wakayacheza harusi baada ya harusi. Baadaye alifanyiwa upasuaji wa koo, na tangu hapo hunong'ona tu. Bila yeye, wimbo usingejulikana.

Nasra, mpwa wake, hakujua kutunga wala kuimba. Alijua kuiagiza kompyuta. Aliipa wimbo wa mjomba akaiambia: uimbe kwa mtindo wa muziki wa dansi, polepole, uweke gitaa na saksafoni, sauti iwe ya mwanamume mtu mzima. Ikamletea kabla chai yake haijapoa. Bila yeye... subiri kwanza.

Bi Saumu, dada yake Mzee Kombo, alikuwa anamwoza binti. Katika ukoo wao, mama wa bibi harusi huja na kanga mabegani, na atakayemwinua kitini acheze ndiye anayevishwa kanga ile. Huyo huketi kando ya bibi harusi mpaka shughuli iishe, na heshima ya kuizidi hiyo hawana. Tatizo ni kwamba Bi Saumu alikuwa hajacheza tangu afiwe na mumewe.

Basi watu walipokwisha kula pilau, Nasra akaufungulia wimbo wake. Ukumbi ukadhani ni bendi fulani. Ulipofika kwenye yale maji yaliyopashwa, Bi Saumu akainuka. Alicheza macho kayafumba, machozi yanamtoka, na wanawake wakamfuata kwa vigelegele.

Ulipokwisha, Mzee Kombo akanong'ona, watu wakanyamaza wamsikie.

"Nani huyo kaimba wimbo wangu?"

"Hakuna mtu, mjomba," alisema Nasra. "Ni kompyuta."

Vigelegele vilikatika kama umeme.

"Mimi nilijua tangu mwanzo," alisema Bi Mwanjaa, jirani yao. "Sauti gani ile, haina hata pumzi!"

"Shoga, si wewe uliyevua viatu ili ucheze vizuri?" mwanamke mmoja akamwuliza.

"Vilikuwa vinanibana."

Na kila mtu akawa na viatu vyake. Aliyekuwa anafuta machozi alikuwa na mafua. Aliyerekodi kwa simu alikuwa anakusanya ushahidi. Mbele ya mzee asiye na sauti, nani angekiri kwamba amefurahi?

Mzee Kombo alitazama sakafu. "Kumbe wimbo ulikuwa mzuri hivi," akanong'ona.

"Maneno ni yaleyale, Kombo," alisema Bi Hidaya, kwa upole.

"Najua. Ndiyo maana inaniuma."

Hapo Bi Mwanjaa akapata pa kuificha aibu yake. "Nasra! Mpigie magoti mjomba wako. Sauti hana, na wimbo nao umemnyang'anya? Halafu utoke humu!"

"Atoke!" wakaitikia waliocheza kuliko wote.

Nasra akapiga magoti. "Niwie radhi, mjomba. Nimekuvunjia heshima." Akamtazama Bi Saumu. "Mama mkubwa..."

Bi Saumu alikuwa anakunja pindo la kanga, anakunjua, anakunja tena. Nasra akainuka, akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni. Watu wakampisha kama anayenuka.

"Mrudisheni," alisema Bi Saumu.

Hakuna aliyesogea. Akasema tena, safari hii kwa ukali.

"Mrudisheni! Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia, nitafutie mtu mwingine wa kuuimba ule wimbo, maana kaka yangu..." Akaanza upya, sasa akimtazama Mzee Kombo. "Kaka, miaka yote nilikupigia makofi, na maneno yenyewe yalikuwa yananipita. Nimekuja kuyasikia kwa yule ambaye si mtu. Nikayapenda. Halafu nikamwacha mtoto apige magoti kwa ajili yangu."

Haya. Kanga bado iko mabegani, na bibi harusi anangoja wa kuketi kando yake. Yupo aliyetunga, yupo aliyeimba, yupo aliyeagiza. Wewe ungemvisha nani? Na ukishaamua, sema kwa sauti, kama alivyosema Bi Saumu.